Ski nzima, viatu vimechoka: uchague vipi vya kubadilisha?

SWALI: Naishi Nyali, na wikendi nateleza majini na ski, nikivutwa na boti, katika hori ya Mtwapa. Nimenunua ski moja ya slalomu (ubao mmoja wa miguu yote miwili), inchi 65, kutoka kwa mgeni aliyekuwa akihama. Ubao mzima kabisa, lakini viatu vyake viwili vya mpira vimepasuka kwenye kisigino, tena ni vikubwa: yeye alivaa namba 44, mimi navaa 39. Nina kilo 63, na mguu wangu wa mbele ni wa kushoto. Fundi wa viatu wa Kongowea ameniambia anaweza kuziba nyufa. Wenzangu wa boti wananishauri nichukue viatu viwili vigumu vya plastiki kama vya mashindano. Mtandaoni naona pia vya kufunga kwa kamba, na vingine ambavyo nyuma vina mkanda tu. Ninunue vipi? Lazima viwe vya kampuni moja na ski? Na hivi vya zamani nivifanye nini?

JIBU: Dada yangu, hongera kwa ski. Ubao mzima wa slalomu hapa Mombasa ni bahati. Viatu vinapatikana, na kwa maelezo uliyotoa naweza kukushauri bila kuzunguka.

Nianze na fundi wa Kongowea, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kukuumiza wikendi hii hii. Usimpe hiyo kazi. Simdharau, kwa viatu vya kutembelea hana mpinzani. Shida iko kwenye mpira wenyewe. Kazi ya mpira wa kiatu cha ski ni kuvutika na kurudi, mamia ya mara, huku ukibeba uzito wako boti inapokuvuta. Jua na ozoni ya hewani huukata mpira kwa nyufa ndogo sana kabla macho hayajaona kitu, kwa hiyo ufa unaouona ni ule uliotangulia tu. Ukizibwa, gundi itashika pale pale, halafu mpira utachanika kidole kimoja pembeni yake. Ukitaka kuhakikisha, kunja ule mdomo wa kisigino kwa vidole viwili. Ukiona vijistari vidogo vidogo vinafunguka, au mpira unanata mkononi, huo umekwisha hata mahali ambapo bado haujapasuka. Na ukichanika, hautachanika ukiwa umetulia. Utachanika katikati ya kona, boti ikiwa kwenye kilomita 45 kwa saa au zaidi, mzigo ukiwa mkubwa kupita wakati mwingine wote.

Sasa swali lako kubwa. Wengi wakichagua viatu huuliza kipi kinashika mguu zaidi. Naomba uanze upande wa pili: ukianguka, miguu yako itatoka vipi?

Kwenye ski moja miguu yote miwili iko juu ya ubao mmoja, mmoja nyuma ya mwingine. Ikitoka yote miwili kwa pamoja, utameza chumvi kidogo na boti itarudi kukuchukua. Ikibaki yote miwili, mwili, miguu na ski vinaviringika kama kitu kimoja, na mara nyingi utaibuka salama. Hatari kubwa ni mguu mmoja kutoka na mwingine kubaki umebanwa. Hapo ule ubao wa zaidi ya mita moja na nusu unakamatwa na maji na kuwa wenzo unaosokota kifundo cha mguu, muundi na hata goti. Majeraha mabaya ya slalomu huja hivyo. Kwa hiyo kila aina ya viatu uliyoonyeshwa ipime kwa kipimo hicho kwanza. Rangi, jina na nani anavivaa ni mambo ya baadaye.

Tuchukue vile vigumu vya plastiki. Ni viatu vizuri sana kwa mtu anayevihitaji. Mguu hauchezi hata chembe, na amri ya goti inafika kwenye ski papo hapo. Anayehitaji ukali huo ni mtu wa kozi kamili ya mashindano: maboya sita ndani ya mita 259, kila boya mita 11.5 kutoka mstari wa katikati, boti ya wanawake ikienda hadi kilomita 55 kwa saa, na kamba inayoanza kwenye mita 18.25 ikifupishwa kila anapofaulu. Lakini plastiki hainyooki. Kisigino hakiwezi kujichomoa chenyewe, kwa hiyo viatu hivyo hutegemea mtambo wa kuachia: ama bamba lililobeba viatu vyote viwili linang'oka lote kwa pamoja, ama kiatu cha mbele kina springi inayofunguka nguvu ikizidi kiasi kilichowekwa. Mtambo huo unahitaji kurekebishwa kwa uzito na uzoefu wako, kujaribiwa kila mara, na kuwa msafi. Sasa fikiria hori yetu: maji ya chumvi, mchanga ufukweni, matope ya mikoko maji yakitoka. Springi ikishika kutu au ikijaa mchanga inaweza kukataa kufunguka, na hutajua mpaka siku ya kuanguka. Mtu wa wikendi asiye na fundi wa kumsomea mtambo huo asivichukue. Wenzako wa boti wanakupenda, lakini hapa siungani nao.

Viatu viwili laini, vya mpira au vya kamba, mbele na nyuma, vina wapenzi wengi, na ndivyo ulivyonunua. Faida yake ni kwamba mguu wa nyuma umetulia, hauteleziteleze unapokata kona, na kisigino cha nyuma hakinyanyuki ovyo. Sharti lake ni kwamba viwe na mbano unaolingana. Kimoja kikilegea na kingine kikibana, umejitengenezea ile hali ya mguu mmoja nje, mmoja ndani. Pia utaviingia vyote viwili kabla boti haijavuta, na katika hori yenye mkondo, maji yakikusukuma na ski ikigeuka, kuingiza mguu wa pili ndani ya kiatu ukiwa unaelea ni kazi inayochosha kabla hata hujaanza.

Kwako wewe ningechukua kiatu laini cha kamba mbele, na bamba lenye mkanda nyuma. Nitaeleza kwa nini, maana wapo watakaokuambia mkanda ni wa wanaojifunza. Si kweli. Watelezaji wengi wa mashindano hutumia mkanda nyuma mpaka leo. Na mchezo wenyewe ulianza kwa mikanda: Ralph Samuelson alipofanikiwa kuteleza kwenye Ziwa Pepin huko Minnesota, Marekani, mwaka 1922, miguu yake ilishikwa na vipande vya ngozi tu.

Mkanda unauachia mguu wa nyuma kwa nguvu ndogo sana. Utasema: basi si ndiyo ile hali ya mguu mmoja nje? Ni swali la haki, na jibu lake ndilo linalofanya kiatu cha mbele kiwe muhimu. Mguu wa nyuma ukitoka mapema, mguu wa mbele nao lazima uwe na njia. Kiatu laini cha kamba kina njia hiyo: kitambaa na sponji vinanyooka, kisigino kinapanda, mguu unachomoka. Kiatu kigumu kisicho na mtambo hakina njia. Kwa hiyo ukichagua mkanda nyuma, usije ukaweka mbele kitu kisichoachia, wala usifunge kamba za juu mpaka damu isimame. Kamba za chini, juu ya vidole na mgongo wa mguu, zibane vizuri. Za juu, kwenye kifundo, ziache zikukumbatie bila kukufunga. Sisemi kwamba hakuna atakayeumia akifanya hivi. Nasema umeipunguza hatari pale unapoweza kuipunguza.

Faida ya pili ya mkanda utaiona siku ya kwanza. Unaanza na mguu wa mbele tu ndani ya kiatu, mguu wa nyuma ukiburuta majini kama usukani, ski inabaki imenyooka mkondo ukipiga pembeni, na ukishasimama unaingiza mguu kwenye mkanda bila haraka. Kwa kilo 63 na ski ya inchi 65 hilo litakuokolea mikono.

Mkanda wenyewe una kosa moja linalofanywa sana. Mguu usizame ndani mpaka karibu na kifundo, kwa sababu ukifika huko unakwama kama kabari na ile faida yote ya kutoka upesi inapotea. Urekebishe kwa skrubu zake za pembeni mpaka mguu, ukiwa umelowa, usimame pale mgongo wa mguu unapoanza kupanda. Ukiusukuma kwa nguvu usiendelee mbele. Ukiuvuta nyuma utoke bila ubishi.

Kuhusu saizi, hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Usiagize kwa namba 39. Viatu vya ski huandikwa kwa kawaida namba za Marekani, nyingi za wanaume, na kila kiwanda kina jedwali lake. Simama juu ya karatasi, uzito wote mguuni, weka alama nyuma ya kisigino na mbele ya kidole kirefu, upime kwa sentimita. Pima jioni, miguu ikiwa imevimba kwa joto la siku. Fanya kwa miguu yote miwili, lakini kwa kiatu cha mbele kinachotakiwa ni kipimo cha kushoto. Linganisha sentimita hizo na jedwali la muuzaji. Viatu vingi hufunika namba kadhaa kwa saizi moja. Ukijikuta kwenye mpaka wa saizi mbili, chukua ndogo. Wanaoteleza kwenye maziwa ya baridi huongeza nafasi ya soksi za neopreni (mpira laini wa kuzuia baridi), sisi bahari yetu ni ya nyuzi 25 hadi 30 mwaka mzima na soksi hizo hatuna haja nazo. Tena kiatu kikishalowa na kutumika kinalegea, hakikazi. Kikikaa sawasawa, kidole kirefu kinagusa mbele kidogo tu, na ukikunja goti kisigino hakinyanyuki. Kisigino kikinyanyuka ukiwa sebuleni, majini kitanyanyuka maradufu.

Hakikisha pia kama kiatu kimetengenezwa kwa mguu maalumu. Vingine huingia mguu wowote, vingine vina kushoto na kulia. Muuzaji aambiwe wazi: mguu wa kushoto uko mbele. Mkanda wa nyuma kwa kawaida hauna upande.

Sasa suala la kampuni. Hapana, si lazima jina la kiatu lifanane na jina la ski. Kinacholazimika kufanana ni matundu. Viatu vya kisasa hukaa juu ya bamba, mara nyingi la alumini, na bamba hufungwa kwa skrubu zinazoingia kwenye nati zilizofukiwa ndani ya ubao. Upana kati ya nati za kushoto na kulia, na umbali kati ya za mbele na za nyuma, hubadilika kwa kiwanda na kwa miaka. Mabamba mengi yana mianya mirefu badala ya matundu ya duara ili yakubali ski tofauti, lakini si yote. Njia ya hakika ni hii: fungua viatu vya zamani, lalisha kipande cha katoni juu ya ubao, toboa kila tundu kwa penseli, halafu pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya jingine, kwa milimita. Piga picha katoni hiyo ikiwa na rula pembeni, umtumie muuzaji kabla ya kulipa, na umwombe akutumie picha ya bamba lake vivyo hivyo. Muuzaji anayekataa kupiga picha ya chini ya kiatu, mwache. Gharama ya kusafirisha na ushuru ukishalipa hairudi, na kurudisha bidhaa kutoka Mombasa hadi ng'ambo ni hasara tupu.

Lakini kabla ya bisibisi kugusa chochote, chukua futi ya kamba na upime kutoka mwisho wa mkia wa ski hadi nyuma ya kisigino cha kiatu cha mbele. Andika. Kwa ski za inchi 65 hadi 67 kipimo hicho huangukia takriban kati ya inchi 28 na 30, na kiwanda cha ski yako kina namba yake kamili. Ukiipata, ianze hiyo. Usipoipata, rudisha pale pale alipokuwa mwenye ski, kisha usogeze tundu moja moja. Ukisogeza viatu mbele, sehemu kubwa zaidi ya pua inakaa majini: ski inageuka kwa ukali lakini inapungua mwendo, na ikizidi pua inazama na kukurusha mbele. Ukirudisha nyuma, pua inanyanyuka na ski inakimbia, lakini kona inakuwa pana na mguu wa nyuma unachoka. Bamba la mkanda liwekwe karibu kabisa na kisigino cha kiatu cha mbele. Nafasi ikiwa kubwa utasimama kama mtu aliyepanua hatua, na uzito utakaa mkiani.

Skrubu nazo zina hila yake, na hapa nimeona ubao mzuri ukiharibiwa katika dakika tano. Ski nyingi za Marekani hutumia skrubu ya robo inchi yenye meno 20 kwa inchi. Madukani kwetu skrubu inayopatikana kirahisi ni M6, ile ya milimita 6, ambayo pia ndiyo ya mbao za wakeboard, zile pana za kusimama ubavu. Kwa macho zinafanana. M6 ikiingia kwenye nati ya robo inchi itaingia kwa ulaini wa kutia shaka, itashika meno machache, na itachomoka siku ya mzigo. Robo inchi kwenye nati ya M6 itakataa, na ukilazimisha unaua meno. Chukua skrubu yako ya zamani mfukoni uende nayo dukani uilinganishe jino kwa jino. Urefu nao ni jambo: chomeka kijiti cha kiberiti kwenye tundu mpaka kigote, weka alama, ongeza unene wa bamba, na skrubu yako iwe fupi kidogo kuliko jumla hiyo. Ikiwa ndefu itasukuma chini ya nati na kuinua tabaka za ubao. Kaza kwa bisibisi ya mkono, kwa kuvuka kona moja hadi ya pili, zote zikae kwanza kabla ya kukaza yoyote hadi mwisho. Drili usiitumie hata ukiwa na haraka. Nati ikianza kuzunguka ndani ya ubao, simama hapo hapo. Hiyo ni kazi ya fundi wa fiberi mwenye epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya.

Chumvi itakula sehemu moja kuliko zote: pale skrubu ya stenlesi inapogusana na bamba la alumini. Metali hizo mbili zikiwa zimelowa maji ya bahari, alumini ndiyo inayoliwa; utaona unga mweupe kuzunguka kichwa cha skrubu, na baada ya miezi skrubu haifunguki tena. Nunua stenlesi ya daraja la 316, ile ya vifaa vya baharini, na paka meno yake grisi isiyoyeyuka majini. Mafundi wa injini za boti wanayo. Grisi hiyo isifike kwenye mpira wala sponji. Mafuta ya aina yoyote, hata ya nazi, hulegeza mpira. Ukitaka mguu uteleze kuingia, tumia sabuni ya vyombo iliyochanganywa na maji, basi. Ukimaliza kuteleza, suuza kwa maji matamu, na namaanisha matamu kweli: visima vingi vya huku kwetu ni vya chumvi, ukisuuza kwa hayo umebadilisha chumvi kwa chumvi. Dumu moja la mkokoteni linatosha ski na viatu vyote. Anika kivulini, kamba zikiwa zimelegezwa, na usiache ski kwenye gari lililofungwa juani.

Viatu vikifika, vijaribu nchi kavu kwanza. Keti, vaa, mtu akushikie ski kwa nguvu, kisha jaribu kuchomoa kisigino kwa kuinua na kusokota kidogo. Kikitoka kwa juhudi, sawa. Kisipotoka kabisa, legeza kamba za juu. Kikitoka bila juhudi, kaza au saizi si yako. Kisha chagua siku ya maji mafu, asubuhi kabla upepo haujaamka, hasa sasa kama ni msimu wa kusi, na umwambie nahodha aanze na mwendo wa chini kuliko uliouzoea, na awepo mtu wa pili ndani ya boti wa kukutazama wewe tu. Kaa mbali na boti zilizotia nanga. Baada ya mizunguko michache rudi ufukweni na ukaze skrubu zote tena, kwa sababu bamba jipya hukaa chini kidogo likishapata mzigo.

Vile vya zamani: mpira ukate vipande uutupe, usimpe mtoto wa jirani ajifunzie wala usiuuze Kongowea, maana atakayeununua hatajua kilichomo. Mabamba ya alumini yafungue na uyaweke. Kama hayajaliwa na chumvi, viwanda vingine huuza mpira peke yake wa kufunga kwenye bamba la zamani, na hata usipopata, tayari unayo ramani sahihi ya matundu ya ski yako.